Kukandika kifaru cha plastiki wakati wa baridi

Uyole, Mbeya
14 Julai

Baba Neema,

Salamu kutoka huku kwenye baridi, najua Iringa nako hakuna nafuu. Picha za kifaru chako cha vita cha plastiki, ule mfano wa kipimo cha 1 kwa 35, nimezipata. Hiyo Tiger ya Wajerumani yenye magurudumu ya chuma ni ya 1944, kwa hiyo hukukosea kuikandika Zimmerit, ile lipu ya kuzuia sumaku isishike chuma. Amri ya kuacha kuipaka ilitoka Septemba 1944, na Tiger za aina hiyo zilikoma kuundwa Agosti. Wajerumani waliogopa adui awabandikie mabomu ya sumaku kama yale waliyokuwa nayo wao wenyewe. Mabomu hayo adui hakuyatumia sana, lakini kazi ya kukandika ilishafanyika.

Kosa lako ni unene. Lipu yenyewe ilikuwa ya milimita chache, tuseme 5. Ukigawa kwa 35 unapata 0.14, yaani karatasi moja na nusu ya daftari. Wewe umeweka milimita nzima. Kwenye kifaru halisi hiyo ni lipu ya sentimita 3 na nusu, ambayo hata ukuta wa nyumba hauihitaji!

Puti ya magari iache. Kimiminika chake hulainisha plastiki, na yenyewe hupata joto ikiganda, ndiyo maana ubavu wa kushoto umejikunja. Tafuta puti ya epoksi ya vipande viwili, kama Milliput. Ile ya mafundi bomba inayoganda kwa dakika 5 haifai, itakuwahi kabla hujachora hata nusu.

Sasa sikiliza hapa, maana najua mkono wako umezoea gereji. Puti ya magari ikichelewa kwa baridi unaongeza hadina, ile dawa ya kugandisha, nayo inawahi. Epoksi haiendi hivyo. Vipande viwili ni sawa kwa sawa. Ukizidisha kimoja, kinachobaki hakina mwenzake wa kuungana naye na puti inakaa laini kama ubani hata mwezi mzima. Dawa ya baridi ni joto kidogo na subira. Weka kifaru chini ya taa ya mezani, umbali wa shibiri mbili. Jikoni usikipeleke. Usiku wa huku mwezi huu unashuka chini ya nyuzi 10, kwa hiyo puti inayoganda kwa saa 4 mahali pa joto wewe ipe usiku mzima, ikibidi na mwingine.

Kwanza kwangua plastiki kwa msasa namba 320, la sivyo puti itabanduka kama ganda la yai. Kanda vipande viwili mpaka michirizi ya rangi iishe kabisa. Chukua donge la ukubwa wa punje ya harage, lisukume kwa chupa juu ya nailoni iliyopakwa poda, kama chapati, mpaka uone mwanga upande wa pili. Libandike, lisambaze kwa kidole chenye maji. Usizidi eneo la sentimita 4 kwa 4 kwa mara moja.

Subiri kama nusu saa puti iache kunata, kisha chora. Kipande cha bledi ya msumeno wa chuma yenye meno 32 kwa inchi kinatoa mistari ya milimita 0.8, lakini huburuta puti ukikiharakisha. Mimi napenda zaidi bisibisi bapa ya fundi saa, ya milimita 1: chovya majini, bonyeza, inua, shuka. Mistari ya Tiger ni ya kulala, imepangwa katika safu zinazosimama. Vile vimiraba ulivyoviona ni vya StuG, gari la mzinga la Wajerumani lisilo na kibanda cha kuzunguka, usivichanganye. Na rula weka pembeni. Waliopaka walikuwa watu wenye mikono, mistari yao ilipinda.

Paa, vifuniko na mabawa ya juu ya minyororo usiyakandike.

Ikishakauka kabisa, bandua vipande vichache kwa ncha ya kisu, kwenye kona na kingo ambako kifaru hugonga vitu. Chini yake paka rangi nyekundu ya msingi, ile kama kutu, si rangi ya chuma, kwa sababu Zimmerit ilipakwa juu ya hiyo.

Ubavu uliojikunja sijui kama utanyooka. Ukatie mwingine kwa plastiki bapa ya milimita 1 kabla hujanunua puti.

Msalimie Mama Neema.

Baba Tumaini