Mwanangu, usifute tena

Mwanangu,

Mdogo wako kaniambia umefuta picha zote kumi na moja ulizochora kwenye tableti. Sikulala. Mama yako anasema nikuache kwanza utulie ila mimi nimekaa hapa buchani tangu alfajiri, wateja leo wachache, bora nikuandikie tu. Usifute. Hata ukiiona mbaya iweke pembeni, usifute.

Yule aliyekwambia lile joka lako mguu wa nyuma umevunjika alisema kweli. Najua utanuna. Mbuzi nawachuna mwaka wa 22 huu, pale nyuma panapokunjika kurudi nyuma watu wanapaita goti lakini ni kifundo cha mguu, kama hicho chako, goti lenyewe liko juu karibu na tumbo na linakunja kwenda mbele kama la mtu. Wewe ukachora pale chini tu, paja likakosa pa kukaa. Na kifua pia. Kuku ana kidari kinene kwa sababu ile ndo nyama inayopiga mbawa, na bado kuku hafiki mbali, sasa joka zima kubwa kama daladala kifua bapa hivyo linapaaje? Jaza kifua. Ila ule mwanga wa machungwa unaopenya ngozi ya bawa mpaka vidole ndani vinaonekana kama vya popo, hapo sijaona mwenzio. Niliwaonyesha wateja, kuna mama alitaka kuondoka kaacha nyama yake mezani. Na hiyo nayo umefuta!

Halafu na wewe. Yule dogo aliyekuonyesha samaki wake mwenye miguu ulimwandikia "bado sana". Bado sana nini? Mteja akiniambia tu nyama mbaya ntajuaje kama ni ngumu, imelala, au nimemjazia mifupa? Ungemwambia mwanga unatoka kushoto na kivuli nacho umekiweka kushoto, angerekebisha siku hiyohiyo. Na kama ndo kwanza anachora umbo usimsumbue na magamba. Maneno ya mkato hayo umeyatoa kwangu, mama yako kasema na sikumbishia.

Yale niliyokwambia kuhusu michoro yako ile Idi mbele ya baba yako mkubwa, sitaki kuyarudia. Ila George Lilanga alichonga na kuchora mashetani hapahapa Dar, alikuwa Nyumba ya Sanaa, kile kituo cha wasanii, kafariki 2005 na kazi zake mpaka leo zinatafutwa hadi Ulaya. Hayo nimeyajua baadaye. Ningekuwa nayajua siku ile nisingefungua mdomo.

Koki ya jikoni imeanza tena kuvuja, na luku inaisha haraka sijui ni friji. Mama anauliza blanketi lilifika, usiku huko Dodoma baridi. Jumamosi mdogo wako anakuja na treni, nimemfungashia miguu miwili ya nyuma ya mbuzi kwenye barafu, sijaikatakata, na wewe usiikate. Ikunje kwanza kwa mkono wako, uone kila kiungo kinaenda wapi, uchore, halafu ndo uchemshe supu.

Anasema pia kwenye tableti kuna sehemu vitu vilivyofutwa vinakaa siku kadhaa kabla havijapotea kabisa. Angalia leo mwanangu, usisubiri Jumamosi.

Baba yako