Boti imependeza, umeme haufai

Kwa Meneja wa Karakana,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KAZI YA UMEME NA UREMBO WA NDANI YA BOTI YANGU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ndiye mwenye boti ya mita 6 niliyoinunua ikiwa imetumika miaka 19, nikaileta kwenu ibadilishwe nyaya zote na kutengenezwa upya ndani. Mliahidi wiki 3, mkakaa nayo 7. Hilo nimelisamehe, kazi za boti huchelewa. Ninachoandikia ni nilichokikuta siku ya 9 baada ya kuichukua.

Mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi boti ilikuwa imekalia tezi, yaani nyuma, omo yake ya mbele iko juu, na nilipofunua kifuniko cha nyuma maji yalibakiza vidole viwili yafike kwenye vichwa vya betri. Pampu ya ngama, inayotoa maji yanayokusanyika chini ndani ya boti, ni mpya na mliifunga ninyi. Boya la swichi yake lilikuwa limeinuka hadi mwisho, pampu kimya. Nikawasha swichi kuu, pampu ikanguruma papo hapo. Kumbe umeme wa pampu mmeupitisha kwenye swichi kuu, ile ile ambayo fundi wenu alinisisitizia niizime kila ninaposhuka. Nilitii, na boti ilikosa kidogo kuzama. Karatasi ya makubaliano, ukurasa wa 2, inasema pampu itachukua umeme moja kwa moja kwenye betri, kwa fyuzi yake yenyewe. Mliandika wenyewe, na sahihi yenu iko chini yake.

Nyaya za mwenye boti wa kwanza zilikuwa vurugu tupu, nakiri. Fundi wenu alizicheka. Lakini pampu ilikuwa inafua maji hata nisipokuwepo.

Baada ya hapo sikuweza kulala bila kuona kilichofichwa. Nikajaribu kufungua ubao unaoziba nyaya upande wa kushoto, ambao zamani ulishikwa na skrubu 6. Mmeubandika kwa gundi! Ilibidi niung'oe kwa patasi, na ukavunjika. Nyuma yake nilikuta waya wa kufungia taa za nyumba, wenye uzi mmoja mnene wa shaba ndani. Boti hutikisika muda wote injini inapounguruma, na waya wa namna hiyo hukatika ndani ya ganda lake bila mtu kuona. Tulikubaliana waya wa boti: nyuzi nyembamba nyingi, kila moja imepakwa bati ili chumvi isiitafune. Viungio vimesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu nyeusi, na kimoja nilipokibandua kilikuwa kimeshaanza kuota kutu ya kijani.

Nikachukua mita ya kupimia umeme. Kwenye betri nilipata volti 12.6. Kwenye taa za omoni, nyekundu na kijani, zikiwa zimewashwa, nilipata 10.9. Taa za ishara hazitakiwi kupoteza zaidi ya asilimia 3, yaani hata nusu volti haifiki. Waya ni mwembamba mno kwa safari ile ndefu, na mwangaza hafifu wa taa unajieleza usiku.

Halafu kuna fyuzi kuu. Kiwango cha ABYC, baraza la Marekani linaloweka viwango vya boti, ambacho ninyi wenyewe mmekitaja kwenye makubaliano, kinataka ikae ndani ya takriban sentimita 18 kutoka kwenye betri; waya ukiwa ndani ya bomba la kinga tangu mwanzo hadi mwisho, mnaruhusiwa kufika sentimita 183. Yenu nimeipima: mita 2 na nusu, na bomba hakuna. Waya huo ukichubuka popote kabla ya fyuzi, hakuna cha kukata umeme. Utawaka, na tangi la petroli liko jirani.

Upande wa urembo nitakuwa mfupi. Rangi ya viti ni nzuri, hata mke wangu aliisifu. Ila sponji mliyoitia ni ya makochi ya sebuleni. Niliukamua mto mmoja, maji yakajaza nusu ndoo. Pini zilizoshikilia ngozi bandia ni za chuma cha kawaida na tayari zimeacha madoa ya kutu kwenye mshono mweupe.

Nilipopiga simu niliambiwa "kila boti huingia maji." Najua. Ndiyo maana ya pampu.

Naomba mrudishe boti karakanani kwa gharama zenu ndani ya siku 14, mtoe nyaya zote na kuzifunga upya kama tulivyoandikiana, na kila ubao ushikwe kwa skrubu ili ufunguke. Kabla hamjaufunga hata mmoja, niitwe nije kuona. Viti vitiwe sponji isiyonyonya maji na pini zisizoshika kutu. Nahitaji pia mchoro wa nyaya, ambao nimeulipia na sijaupata. Kama hamtaweza, nirudishieni fedha ya umeme na viti nitafute fundi mwingine.

Picha zote zimeambatanishwa. Ndani ya bahasha mtakuta pia kipande cha waya nilichokikata nyuma ya ubao. Kilichobaki ninacho nyumbani.

Wenu,
Mteja, mwenye boti