Dedilifti haifai kupangiwa seti tatu za marudio kumi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua niizungumzie ratiba ya mazoezi iliyotolewa katika ukurasa wenu wa afya, ambayo iliwataka wasomaji wote, anayetafuta misuli na anayetafuta nguvu, wafanye seti tatu za marudio kumi katika kila zoezi, yaani kunyanyua mara kumi mfululizo, kupumzika, na kufanya hivyo mara tatu, dedilifti ikiwemo. Sina ugomvi na mazoezi mengine yaliyotajwa. Kwa dedilifti, yaani zoezi la kunyanyua chuma kutoka sakafuni, hata hivyo, ushauri huo haufai, na kwa kuwa niliufuata mwenyewe mwaka mzima nikaujutia, naona si haki ninyamaze wakati wengine wanaelekezwa njia ileile.

Hesabu hiyo ina asili yake. Katika miaka ya 1940 daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, aliwatibu askari waliojeruhiwa kwa kuwanyanyulisha uzito unaoongezwa hatua kwa hatua, na mwaka 1948, akishirikiana na Arthur Watkins, alieleza utaratibu wa seti tatu za marudio kumi: ya kwanza kwa nusu ya uzito ambao mgonjwa aliweza kuunyanyua mara kumi, ya pili kwa robo tatu yake, na ya tatu kwa uzito wote. Seti ngumu, basi, ilikuwa moja tu, na zile mbili za mwanzo zilikuwa za kuupasha mwili moto. Waliokuja baadaye wameibakiza hesabu na kuyaacha maelezo yake.

Dedilifti ina tabia yake ya pekee. Katika skwati, zoezi la kuchuchumaa na chuma mabegani, mtu huanza akiwa amesimama, hushuka na uzito, na ile misuli iliyovutika wakati wa kushuka humsaidia kupanda. Katika dedilifti chuma kimelala. Sahani za uzito za kawaida, zinazovishwa kwenye ncha za chuma, zenye kipenyo cha sentimita 45, hukiweka kwenye kimo cha sentimita 22 na nusu hivi kutoka sakafuni, na kila rudio huanza na uzito uliotulia tuli. Kwa hiyo kila rudio linadai mtu ajipange upya: miguu ikae chini ya chuma, pumzi ijazwe tumboni, mgongo unyooshwe, mikono ikazwe, ndipo avute. Aliyepangiwa marudio kumi ni nadra kuwa na subira ya kujipanga mara kumi. Mtazame kwa karibu: manne ya kwanza huyafanya kama alivyofundishwa, kufikia la saba anakidundisha chuma sakafuni ili kirudi juu kwa mdundo, la nane makalio yanapanda kabla ya mabega, chuma kinaachana na miundi, na mgongo wa chini uliokuwa umenyooka unapinda. Misuli ya makalio na ya nyuma ya mapaja, ambayo ndiyo hasa iliyokusudiwa kujengwa, bado ina akiba. Kilichokwisha ni pumzi, viganja na mgongo.

Hayo yalinipata mimi. Mwaka ule wote uzito wangu wa mazoezi haukuvuka kilo 100, na kila asubuhi iliyofuata siku ya dedilifti nililazimika kuvaa soksi nikiwa nimelala chali, nikiuleta mguu kifuani, kwa sababu kiuno kilikataa kukunjika. Nilidhani huo ndio uchungu wa misuli inayokua, na hakuna aliyenieleza vinginevyo.

Anayetafuta nguvu afahamu kwamba nguvu ni ustadi pia, kwa kuwa neva hujifunza kuiita misuli mingi kwa pamoja, na fundisho hilo hupatikana kwa uzito mkubwa unaonyanyuliwa vizuri. Marudio kati ya moja na matano kwa seti, kwa uzito wa asilimia 80 hadi 90 ya ule wa juu kabisa anaoweza kuunyanyua mara moja, ndiyo yanayomfaa, akipumzika dakika tatu hadi tano kati ya seti na seti. Hana haja ya kuujaribu huo uzito wa juu ili aujue. Achukue uzito alioweza kuunyanyua kwa marudio machache, auzidishe kwa idadi ya marudio, agawanye kwa 30, kisha ajumlishe jibu na uzito wenyewe. Aliyenyanyua kilo 100 mara tano atapata makadirio ya kilo 117. Mtu huyo akianza na kilo 95 kwa seti nne za marudio matatu, akaongeza kilo 2.5 kila juma maadamu mwendo wake haujaharibika, atapiga hatua ambayo mimi sikuipiga kwa mwaka mzima.

Kwa upande wa misuli, utafiti umeonyesha kwamba misuli hukua kwa marudio machache na kwa mengi pia, tangu matano hadi kufikia 30, mradi seti ifikishwe karibu na kushindwa. Kinachopimwa zaidi ni jumla ya seti ngumu kwa juma, na kumi kwa kila kundi la misuli ni kiasi cha kutosha kwa watu wengi. Seti hizo kumi, hata hivyo, hazipaswi zote kutoka kwenye dedilifti, kwa maana uchovu wake ni wa gharama kubwa. Ningemshauri afanye seti mbili au tatu za marudio matano hadi manane, akiacha mawili ambayo bado angeyaweza, kisha amalizie kwa dedilifti ya Kiromania, ambayo chuma hakifiki chini bali hushushwa taratibu mpaka nyuma ya mapaja pavutike. Hapo marudio manane hadi 12 yana mahali pake. Mashine ya kukunjia miguu itaongeza zilizobaki bila kuugusa mgongo.

Anayeanza kabisa hana haja ya kuchagua, kwa kuwa seti mbili au tatu za marudio matano, mara moja au mbili kwa juma, zitampa nguvu na misuli kwa pamoja.

Naielewa hofu ambayo huenda ilimwongoza mwandishi wenu, kwamba uzito mdogo wenye marudio mengi ni salama kwa msomaji asiye na kocha. Lakini uzito mdogo unaonyanyuliwa na mgongo uliochoka ni mzito kwa mgongo huo, nami ningemwamini zaidi mtu mwenye marudio matatu anayoyamiliki kuliko mwenye kumi ambayo nusu yake anayaburuta.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba ratiba kama hiyo itakapochapwa tena, ielezwe ni ya lengo gani, uzito uwe asilimia ngapi ya uwezo wa mtu, mapumziko yawe ya dakika ngapi, na ni wakati gani seti isimamishwe hata kama hesabu haijatimia.

Wako katika mazoezi,
Msomaji na mnyanyua vyuma