Barua kwa mwanangu aliyeanza kujaza risasi

Wete, Pemba

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Ama baada ya salamu, sisi huku wazima, mama yako anakusalimu sana, na karafuu mwaka huu zimebeba hadi matawi yanainama. Ujumbe wako nimeusoma. Ile picha ya meza yako ya kujazia risasi, unapotia baruti na vichwa vipya kwenye maganda yaliyokwisha kupigwa, nimeikuza mpaka nikasoma majina kwenye makopo. Nimefurahi leseni umekata na bunduki unaifungia kwenye sefu. Lakini nimeona mambo mawili ambayo nikikupigia simu utanijibu "ndiyo baba" kisha usahau. Kwa hiyo naandika, uibandike ukutani ukitaka.

La kwanza ni yale makopo mawili ya baruti yaliyokaa wazi pamoja, S335 na S365. Zote za kiwanda cha Somchem, za huko huko Afrika Kusini unakoishi, na majina yanaachana kwa tarakimu moja tu. Nyinyi vijana husema baruti hii ina nguvu kuliko ile. Suala si nguvu, ni mwendo wa kuungua. Makuti makavu na gogo la mkoko vyote ni kuni, lakini ukivitia jikoni kimoja kinawaka fuu na kwisha, kingine kinakupikia hadi jioni. S335 ni ya haraka kuliko S365. Sasa chukua kipimo kilichopangwa kwa S365, ukijaze S335 kwa kughafilika: gesi nyingi inazalika wakati kichwa cha risasi hakijasogea vya kutosha mbele ya mtutu, haina pa kwenda, na presha inapanda kupita chuma kinavyoweza kustahimili. Bunduki ya namna hiyo hupasukia usoni mwa mwenyewe.

Kwa hiyo kopo moja tu mezani, mengine kabatini. Ukimaliza kazi, iliyobaki kwenye kijazio, kile chombo cha kupimia baruti, irudi kwenye kopo lake siku hiyo hiyo. Baruti usiyoijua jina, hata iwe mpya namna gani, itawanye kidogo kidogo bustanini. Ina naitrojeni, majani yatakushukuru. Wala usihamishie baruti kwenye mkebe wa chuma uliofungwa imara. Ikiwa wazi huungua tu, lakini ikibanwa hulipuka.

Uliniuliza ipi uchague. Kwa bunduki yako ya .308 na vichwa vya greni (kipimo kidogo cha uzito) 150 hadi 168, anzia S335. S365 waachie wenye maganda makubwa zaidi. Kanuni yenyewe ni hii: ganda kubwa na kichwa kizito hutaka baruti ya polepole, kwa sababu kichwa kizito huchelewa kuondoka na gesi lazima ikingoje, ganda dogo na kichwa chepesi hutaka ya haraka. Na kama kitabu kinakupa baruti kadhaa zinazofaa, mimi huchukua ile inayokaribia kulijaza ganda. Hiyo ukisahau ukaijaza mara mbili itamwagika mezani uione. Baruti inayokaa robo tu ya ganda inaweza kuingia mara mbili na usijue.

Jambo la pili ndilo lililonikosesha usingizi. Umeandika kwamba rafiki yako amekutumia kipimo chake kwa WhatsApp, greni mbili juu ya kikomo cha kitabu, na kwamba kwake "hakuna tatizo". Kwake, mwanangu. Bunduki yake si yako. Chemba yako, pale ganda linapokaa bundukini, inaweza kuwa na upana mwingine. Ganda lake huenda ni jembamba, lako la kijeshi lenye kuta nene na nafasi ndogo ndani, na nafasi ikipungua presha inapanda kwa baruti ile ile. Kichwa chako ukikikalisha mbele hadi kiguse mifereji ya mtutu, presha inapanda tena. Ukibadilisha fataki, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, ukaweka kali zaidi, vivyo hivyo. Kila kimoja peke yake ni kidogo, ila vikikutana vitatu siku moja, zile greni mbili za rafiki yako zinakuwa balaa.

Na kikomo hicho hakikuandikwa na mtu mwoga. SAAMI ya Marekani, chama cha watengenezaji wa silaha na risasi kilichoanza 1926, imeiwekea .308 kikomo cha pauni 62,000 kwa inchi ya mraba. C.I.P. ya Ulaya, tume ya kupima usalama wa silaha yenye makao Brussels, imeandika bar 4,150. Ukikuta kitabu cha zamani kimeandika 52,000, usidhani siku hizi wameongeza ruhusa. Zamani walipima kwa kipande cha shaba kinachobanwa na gesi, leo wanapima kwa kihisio cha umeme, basi kikomo ni kile kile na namba ndizo zimebadilika. Presha yote hiyo hufika kileleni kabla ya sehemu moja ya elfu ya sekunde kwisha. Hakuna sikio wala bega linaloweza kuipima.

Najua utaniambia unasoma dalili kwenye ganda. Vizuri, zisome: fataki iliyobapika hadi kingo, alama inayong'aa kwenye kitako, boliti (komeo la chemba) inayonyanyuka kwa taabu, tundu la fataki lililolegea. Ukiona mojawapo, acha kupiga na uvunje risasi zote zilizobaki za kipimo hicho, yaani uzitoe vichwa na baruti. Lakini elewa kwamba dalili hizi huja zimechelewa. Mara nyingi kikomo kimeshapitwa ndipo fataki ianze kubapika, na bunduki nyingine hazionyeshi kitu mpaka ziharibike. Nilipokuwa bara nikitengeneza bunduki za wawindaji nililetewa nyingi zenye boliti iliyoganda, na wenyewe wote walikuwa na maneno yale yale: jana ilipiga vizuri.

Halafu kuna joto, ambalo watu wa nchi za baridi hulisahau. Baruti yenye joto hupandisha presha zaidi. Waingereza walilijua hili tangu enzi za kodaiti, ile baruti ya nyuzi nyuzi: risasi zilizopimwa vizuri kwao zilikuwa zikinasa kwenye chemba zikifika Afrika na India. Ndiyo maana Rigby, fundi bunduki wa London, alipotoa risasi yake ya .416 mwaka 1911 alilifanya ganda kubwa kupindukia, ili presha ikae chini na mtu aweze kulitoa haraka nyati akiwa anamjia. Ule si ufahari, ni hesabu. Sasa wewe uko Limpopo. Kipimo ulichokijaribu asubuhi ya Julai kwenye baridi si salama kwa sababu hiyo tu mwezi wa Desemba saa nane mchana. Usiache risasi kwenye dashibodi ya gari, na usiiache moja ndani ya chemba iliyopata moto kwa kupiga mfululizo.

Fanya hivi. Nunua kitabu cha watengenezaji wa baruti yenyewe, toleo jipya. Chukua kipimo cha kuanzia. Kama hakikuandikwa, shuka asilimia 10 chini ya kikomo. Panda kwa nusu greni, kisha chini ya hapo ukikaribia juu. Ukipata kundi la matundu lililokaa pamoja kwenye shabaha, simama hapo hapo hata kama kitabu kinakuruhusu kupanda. Swala hatajua tofauti ya mwendo wa futi 60 kwa sekunde. Mizani ihakikishe kwa mawe yake kila unapokaa, na uangalie inasoma greni, si gramu, maana gramu moja ni greni 15 na ushei.

Zile ulizokwisha kujaza kwa kipimo cha rafiki yako, usipige hata moja. Zivunje. Kisha nipigie picha ya ukurasa wa kitabu na maganda utakayotumia, nione maandishi ya kitakoni. Simu yangu imepasuka kioo, tuma kwa dada yako, yuko hapa hadi uchumaji wa karafuu uishe.

Baba yako