Wahandisi wa programu wanaohama wasihesabiwe watangatangaji

Mhariri,

Waajiri wengi hapa Kampala wakiona wasifu wa mhandisi wa programu aliyekaa mwaka mmoja na nusu katika kampuni changa, miwili katika maabara ya utafiti, kisha akarudi kwenye kampuni nyingine, huuweka kando. Kwao huyo ni mtu asiyetulia. Naomba nafasi niwaeleze wanachokipoteza, na niwatahadharishe vijana wanaoifuata njia hiyo.

Kampuni changa inamfundisha mhandisi kuandika programu ya kustahimili mtandao unaokatika katikati ya kazi. Chukua malipo ya simu. Ukituma ombi la malipo kwenye mfumo wa MTN MoMo, unarudishiwa jibu namba 202. Maana yake ombi limepokelewa tu. Mteja pengine hata hajaweka namba yake ya siri. Mgeni wa kazi hulihesabu jibu hilo kuwa malipo, na mzigo unatoka bure. Kosa la pili ni baya zaidi: jibu likichelewa, programu inatuma ombi jingine lenye namba mpya ya rejea, na mteja anaweza kukatwa mara mbili. Dawa ni kuunda namba ya rejea na kuihifadhi kabla hujatuma chochote. Jibu lisipofika, uliza hali ya namba ileile mpaka ijulikane amelipa au hakulipa, na kila usiku linganisha hesabu zako na za kampuni ya simu.

Maabara nayo inafundisha kuyatilia shaka matokeo mazuri. Maabara ya akili bandia ya Chuo Kikuu cha Makerere imefanya kazi kubwa ya kutambua magonjwa ya mhogo kwa picha za simu, pamoja na watafiti wa mazao wa Namulonge. Picha za mafunzo, yaani za kuifundisha kompyuta, zilizowekwa hadharani kwa shindano la mwaka 2020 la Kaggle, tovuti ya mashindano ya data, ni 21,397, katika makundi 5, na 13,158 kati yake ni za ugonjwa wa batobato. Basi programu inayojibu "batobato" kwa kila jani, bila kuangalia kitu, inapata asilimia 61! Mhandisi asiyejua hili atakuletea asilimia 65 akishangilia. Anayejua atatoa matokeo ya kila ugonjwa peke yake, kisha atauliza picha ziligawanywa vipi. Picha za shamba moja zikiingia kwenye mafunzo na nyingine za shamba hilohilo kwenye majaribio, modeli, yaani programu iliyojifunza kwa picha hizo, inakariri udongo na mwanga wa pale, na alama zinapanda kwa uongo. Gawanya kwa mashamba, usigawanye kwa picha.

Somo hilo kampuni inayokopesha kwa simu inalihitaji vilevile. Wasiolipa huwa wachache kuliko wanaolipa, na mteja mmoja ana mikopo kadhaa. Mikopo yake yote ikae upande mmoja, wa mafunzo au wa majaribio, na modeli ijaribiwe kwa miezi iliyofuata ile iliyotumika kuifundisha.

Safari ya kutoka maabara kurudi sokoni ina shida yake. Modeli yenye vigezo (namba ilizojifunza) milioni 25, kila kimoja baiti 4, ni megabaiti 100. Mkulima anayenunua bando la siku hataipakua. Ukipunguza kila kigezo kuwa baiti 1 zinabaki megabaiti 25; ukianza na modeli ndogo kama MobileNetV2, yenye vigezo takriban milioni 3.5, unashuka hadi kama megabaiti 3.5. Baada ya kupunguza, pima tena ugonjwa kwa ugonjwa, kwa maana wastani unaweza kuficha ugonjwa adimu ulioanza kupotea.

Nakubali kwamba anayeondoka na ujuzi wote kichwani anaiumiza kampuni. Ila hilo halipimwi kwa miaka aliyokaa. Kwenye usaili muulizeni: ulipoondoka, nani aliweza kuiendesha programu yako? Makabidhiano ya kweli yana maelezo ya kusimika, orodha ya matoleo ya maktaba zote (programu saidizi zilizoandikwa na wengine) zilizotumika, chimbuko la data, na mwenzake mmoja aliyeisimika kwenye kompyuta tupu bila msaada. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayorukwa mara nyingi, na ndiyo inayofichua faili lililobaki kwenye kompyuta ya mtu.

Kwa vijana, someni mikataba. Maabara nyingi hulipa kwa ruzuku, kwa hiyo ulizeni tarehe ruzuku inapoisha kabla ya kuacha kazi mliyo nayo. Ulizeni msimbo wa programu mtakazoandika utakuwa wa nani na kama mtaruhusiwa kuchapisha matokeo. Mkiajiriwa, mwajiri anapaswa kuchangia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10 ya mshahara juu ya 5 yenu, na tangu sheria irekebishwe mwaka 2022 hata kampuni yenye wafanyakazi wawili haisamehewi. Mkataba wa mshauri hauna mchango huo, basi bei yenu iuzingatie. Na kampuni changa ikiwaahidi hisa, ombeni maandishi yanayotaja idadi ya hisa zote za kampuni, kwa sababu hisa 1,000 peke yake haisemi kama mmepewa sehemu ya kumi au ya elfu kumi.

Mhandisi wa programu,
Ntinda, Kampala