Sprinti ya hitilafu za zamani: kikao ni Jumatano

Habari za jioni wanatimu, poleni na kazi.

Sprinti ijayo, yaani kipindi chetu cha kazi cha wiki mbili nzima, hatutaongeza kipengele kipya hata kimoja kwenye programu. Tunashughulikia hitilafu za zamani tu. Nyingine zimekaa zaidi ya mwaka na wateja bado wanapiga simu kuziulizia. Wanastahili jibu.

Kikao cha kupanga: Jumatano saa 3:00 hadi 5:00 asubuhi, chumba cha mikutano cha juu. Walio mbali nitawawekea kiungo hapa saa 2:30. Chai na vitafunwa vipo.

1. Kufikia Jumanne jioni, kila mmoja apitie hitilafu zilizo kwa jina lake na ajaribu kuzifanya zitokee tena kwenye toleo la sasa. Isiyotokea tena aifunge na aandike sababu. Naamini hapo tu orodha itapungua sana.
2. Wajaribu (mnaoipima programu), naombeni muunganishe hitilafu zilizoripotiwa mara mbili.
3. Kikaoni tutapanga kwa uzito wa madhara: zinazopoteza data au kukosea hesabu za malipo zinatangulia, mambo ya rangi na vitufe yatafuata.

Mtu asishike hitilafu zaidi ya mbili kwa wakati mmoja. Na tafadhali sana, hitilafu isihesabiwe imekwisha bila jaribio la kiotomatiki la kuikamata ikirudi, na mwenzako awe ameukagua msimbo (maagizo ya programu uliyoandika).

Jibu "Nipo" au "Sipo" kabla ya kesho saa 6 mchana. Mwenye udhuru aniandikie faragha, tumpangie mtu wa kushirikiana naye.

Asanteni sana.