Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha: vikao vinne vya kamati, semina mbili, hesabu zimekaguliwa. Tuko wanachama 86. Waliolipa ada ni 31. Mkutano uliopita tulikuwa 19, na watatu kati yao waliingia wakati wa chai.

Nije kwenye jambo linalojadiliwa zaidi koridoni kuliko vikaoni, yaani kuwafungulia mlango wauguzi, washauri nasaha na maofisa ustawi wa jamii. Nimeambiwa nimekigeuza chama cha madaktari bingwa wa saratani kuwa baraza la kila mtu. Hoja niliileta mimi, sikatai. Lakini ilipigiwa kura, muhtasari upo, na wanaolalamika zaidi siku hiyo hawakuonekana.

Kilichonisukuma ni mgonjwa wangu mwenyewe. Picha zilionyesha uvimbe umenywea, nikampongeza, nikaita anayefuata. Muuguzi ndiye aliyeona jinsi alivyoinuka kitini akiwa ameshika kiuno, akamkalisha pembeni. Kumbe vidonge vya mofini, dawa kali ya maumivu, alikuwa akivifunga kwenye kitambaa, anajiwekea akiba ya siku mbaya zaidi, huku akihofia kuwa mraibu. Wiki tatu hakuwa amelala vizuri, na mimi sikuwa nimemuuliza.

Haya si mageni. Cicely Saunders, aliyefungua hospisi (makao ya kuwatunza wagonjwa walio karibu na mwisho) ya St Christopher's jijini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa ni ya mwili, ya nafsi, ya jamii na ya roho kwa pamoja. Na kwa wenzangu wasioshawishika bila takwimu: utafiti wa Marekani wa mwaka 2010 uliwafuatilia wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa. Waliopewa tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na dhiki, mapema, sambamba na matibabu ya kawaida, walipungukiwa na sonona, na nusu yao waliishi zaidi ya miezi 11.6, kwa wenzao ilikuwa 8.9.

Sisemi bingwa aache tibakemikali akawe mshauri nasaha. Nasema aulize, amkabidhi mgonjwa kwa anayehusika, kisha afuatilie. Kukabidhi bila kufuatilia ni kumtupa mtu kwa adabu.

Mwakani tunatarajia, hali ikiruhusu, kuanza kutumia katika kliniki zetu kipimo cha dhiki, fomu ambayo mgonjwa anaonyesha dhiki yake kwa namba kuanzia sifuri hadi kumi, na pengine semina nyingine. Fomu zinachapishwa kwa fedha, kwa hiyo mweka hazina atakuwa mlangoni na kitabu cha stakabadhi.

Mwenyekiti